Picha ya nyanya imetoka uso wa majivu. Kosa liko wapi?

#1 Kijana_wa_Kuze
Salaam wanabaraza. Nina miezi minane najifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta, peke yangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Penseli naimudu, mkaa naumudu. Sasa nimejaribu kumchora nyanya yangu, Mungu amrehemu, kutoka kwa picha niliyompiga kwa simu mwaka mmoja kabla hajafariki. Amekaa barazani, leso begani.

Wiki tatu nimeshinda nayo. Pua iko mahali pake, mdomo uko, kipini kimekaa vizuri. Lakini ngozi imekuwa kijivu. Nyanya alikuwa maji ya kunde, uso unang'aa kama aliyetoka kupaka mafuta ya nazi, na mara nyingi alikuwa kweli ametoka kupaka. Kwenye kanvasi amekuwa kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa. Jana mama alipita nyuma yangu na sahani ya mahamri, akasimama, akasema, "Mbona umemchora maiti?" Akenda zake jikoni. Sijalala vizuri.

Rangi zangu ni nyeusi, nyeupe, amba iliyochomwa (kahawia nzito), nyekundu na njano. Nikitaka mwanga naongeza nyeupe, nikitaka kivuli naongeza nyeusi. Kanvasi nimeitengeneza mwenyewe kwa merikani. Kosa liko kwenye rangi, kwenye picha, au ni mkono wangu?

#2 Mkazi_wa_Dar
Pole mkuu. Nilipoona kichwa cha uzi nikajua unachora nyanya za sokoni, nikashangaa zina uso gani. Tupia picha tuone.

#3 Fundi_Mabango
Hizo rangi umenunua wapi? Mimi naandika mabango na milango ya maduka huu mwaka wa kumi na tisa. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema "nipe rangi ya mafuta" utapewa ile ya kupaka milango na mageti. Inang'aa, inakauka usiku mmoja, lakini uso wa mtu haiwezi. Haichanganyiki polepole, na baada ya mwaka inapasuka. Nimeona vijana wengi wakipotelea hapo, kwa sababu jina ni moja na vitu ni viwili.

#4 Kijana_wa_Kuze
@Mkazi_wa_Dar huku kwetu nyanya ni mzazi. Ile ya sokoni ni tungule.

@Fundi_Mabango hapana, ni za tyubu, za wachoraji. Nimeagizia Nairobi na zimenigharimu. Picha naogopa kuiweka mtandaoni, mama hajaniruhusu.

#5 Dada_Brashi
Nimesoma mara mbili, na jibu nadhani umeliandika mwenyewe: "Nikitaka mwanga naongeza nyeupe, nikitaka kivuli naongeza nyeusi." Majivu yanatoka hapo.

Hiyo nyeusi, ikiwa tyubu imeandikwa nyeusi ya pembe (siku hizi inatengenezwa kwa mifupa ya wanyama iliyochomwa), ina ubuluu ndani yake. Chukua tone la nyeusi uchanganye na njano, utaona kijani. Ukiichanganya na nyeupe unapata kijivu cha buluu, na hicho ndicho ulichompaka nyanya kila mahali kivuli kilipokutana na mwanga. Nyeupe nayo, mbali na kung'arisha, inaipoza rangi. Kahawia nzuri ukiitia nyeupe peke yake inakuwa kama chai ya maziwa iliyolala.

Mimi nilifanya hivi, na bado nafanya. Nyeusi niliifungia kabatini. Kiza changu nakipata kwa altramarini (buluu nzito) na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu). Nikiegemea siena, kivuli kinakuwa na joto, nikiegemea altramarini kinapoa. Shavu naliinua kwanza kwa oka ya njano (njano ya udongo) na siena, nyekundu kidogo, na nyeupe inaingia mwisho kabisa, kiasi cha ncha ya kisu. Ngozi yetu ina rangi ya machungwa ndani, ina zambarau chini ya macho, ina kijani kidogo kando ya mdomo. Kaa na mama yako mlangoni saa kumi jioni umtazame tu, bila brashi.

#6 Mzee_wa_Ngalawa
Mwanangu, pole kwa msiba wa nyanya.

Sasa hili la kuifungia nyeusi kabatini silikubali. Mchoraji Anders Zorn wa Uswidi, aliyezaliwa 1860 na kufa 1920, ametajika kwa kibao cha rangi nne: nyeupe, oka ya njano, nyekundu ya vemilioni na hiyo hiyo nyeusi ya pembe. Na nyuso zake zina damu, utadhani watu wanapumua. Nyeusi haina kosa.

Kosa la wengi ni kukimbilia rangi kabla ya kujua wapi pana kiza na wapi pana mwanga. Kunja macho uitazame picha mpaka uone mapande matatu tu: kiza, katikati, mwanga. Chora uso wote kwa amba peke yake, iliyozimuliwa, ukifuta kwa kitambaa pale unapotaka mwanga. Wacha ikauke. Amba hukauka upesi kuliko nyingi kwa sababu ina manganisi ndani yake. Kama uso hauko hai kwa rangi moja, rangi ishirini hazitaufufua.

#7 Dada_Brashi
Mzee shikamoo. Zorn namheshimu, lakini wengi aliowachora ni watu weupe, na ule ubuluu wa nyeusi kwao unafanya kazi ya mishipa chini ya ngozi. Kwa maji ya kunde, kibao kile kinabana mapema. Kwenye kunja macho niko nawe mia kwa mia.

#8 Mzee_wa_Ngalawa
Marahaba binti. Kinabana kwa mwenye haraka.

#9 Msomaji_Tudor
Mkitaka kuona ngozi nyeusi imechorwa na mtu asiyeiogopa, tafuteni picha ya Juan de Pareja, kazi ya Velázquez, mchoraji wa Uhispania. Aliichora Roma mwaka 1650, na leo iko Metropolitan Museum, New York. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, na mwaka ule ule akaachwa huru. Ikuzeni kwenye simu mpaka paji la uso lijaze kioo. Vivuli ni kahawia yenye joto, na ule mng'aro wa paji la uso ni mabaka machache tu ya brashi, hayakusambazwa.

#10 Kahawa_Chungu
Rekebisho dogo kwa @Msomaji_Tudor: hati ya kumwacha huru ilitiwa sahihi 1650, ni kweli, lakini ilimtaka aendelee kutumika miaka 4 zaidi. Na Pareja mwenyewe akawa mchoraji. Huwa nakumbuka hilo kila nikiona yale macho.

#11 Msomaji_Tudor
Ahsante. Hilo la miaka 4 sikulijua.

#12 Studio_Makadara
Mimi ni mpiga picha, brashi sijui. Lakini mnamlaumu kijana kwa rangi na hamjauliza picha ilipigwaje. Kijana, ulisimama umbali gani? Ulitumia taa ya simu?

Simu ukiiweka karibu na uso, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Ukichora ulivyoona kwenye simu utapata mtu anayefanana na nyanya yako bila kuwa yeye. Taa ya simu nayo inakuja moja kwa moja usoni na kuua vivuli vyote, na bila vivuli uso ni sahani.

Jambo jingine: barazani kwenye kivuli, mwanga unaofika usoni ni wa mbingu, na mwanga wa mbingu una ubuluu. Ngozi iliyopakwa mafuta ni kama kioo, inaonyesha mbingu. Kwa hiyo kule panapong'aa kweli pana ubuluu! Kijana hakuona vibaya. Nadhani alichukua ule ubuluu wa mng'aro akaupaka shavu zima.

#13 Kijana_wa_Kuze
@Studio_Makadara taa sikutumia, lakini nilikuwa karibu, kama urefu wa mkono, kwa sababu alikuwa ananisimulia jambo. Na nimeitazama tena sasa hivi: ile sehemu inayong'aa juu ya shavu ni ndogo kama punje ya mbaazi. Mimi nimeipaka kama kiganja.

#14 Dada_Brashi
Punje ya mbaazi! Haya, hapo umeanza kuona. Kwenye ngozi yetu mwanga haupandi ngazi polepole kama kwenye ngozi nyeupe. Unatembea kwenye kahawia nzito muda mrefu, halafu unaruka ghafla, na unapotua ukingo wake ni mkali. Ukiusambaza ndiyo majivu.

#15 Fundi_Fremu
Nimefuatilia tangu asubuhi na kazi mkononi. Swali langu kwa mwenye uzi: merikani uliipaka nini kabla ya kuchora?

#16 Kijana_wa_Kuze
Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, mkono mmoja. Nilikuwa nimebakiwa nayo.

#17 Fundi_Fremu
Basi pengine wote mmepiga pembeni. Kitambaa kilichopakwa mkono mmoja wa rangi ya ukutani kinanyonya mafuta kama mchanga wa pwani. Mafuta ya kitani yakishanyonywa, rangi iliyobaki juu inapauka, hasa zile nzito. Kahawia yako ilikuwa nzuri siku ulipoipaka, na baada ya siku nne imekuwa vumbi. Si ndivyo?

Mtihani wake ni huu. Subiri pakauke ukigusa, chukua tone moja la mafuta ya kitani, sugua kidogo kwa kidole sehemu iliyopauka, halafu futa kwa kitambaa laini. Kama kina cha rangi kimerudi, tatizo lilikuwa mnyonyo. Kama bado ni kijivu, wafuate hao wengine.

Na merikani ni kitambaa kizuri, usikidharau, lakini mafuta yakikifikia chenyewe yanakiozesha pole pole. Mara nyingine paka jeso (rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi) mikono mitatu, na kila mkono ukikauka pitisha msasa laini.

#18 Mkazi_wa_Dar
Mkuu, unachora saa ngapi? Kama ni usiku chini ya taa nyeupe za LED, hizo ndizo zinakufanya uone kila kitu cha baridi.

#19 Studio_Makadara
@Mkazi_wa_Dar ni kinyume. Ukichora chini ya taa nyeupe ya baridi, utaongeza joto kwenye rangi ili uridhike, na mchana picha itakuwa nyekundu. Inayoleta majivu ni balbu ya njano. Chini yake kila rangi inaonekana ina joto la kutosha, basi huongezi. Asubuhi ukiitoa nje, joto limebaki kwenye balbu.

#20 Kijana_wa_Kuze
Nachora usiku, baada ya kazi. Balbu ni ya njano.

#21 Mkazi_wa_Dar
Nimejifunza. Kumbe nilikaribia kwa upande wa nyuma.

#22 Nahodha_Mstaafu
Nitasema la mwanga wa mchana, kwa sababu vijana wanasoma vitabu vya Ulaya vinavyowaambia watafute dirisha la kaskazini, eti jua halipigi. Kwao ni kweli. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia kama katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wa utosi. Dirisha la kaskazini mwezi wa Juni linaingiza jua mpaka kwenye mkeka!

Msimu wa kusi, jua likiwa kaskazini, chora kwenye dirisha la kusini. Msimu wa kaskazi, jua likiwa kusini, hamia dirisha la kaskazini. Upepo wenyewe unakwambia ukae wapi.

#23 Binti_wa_Ndia_Kuu
Hilo la dirisha zuri sana, lakini nyumba zetu Mji wa Kale zimebanana, dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Ukuta wake mweupe na jua la saa nne linapiga pale, basi mwanga unaoingia kwangu ni laini na una joto. Nimechora watoto wa dada yangu kwa mwanga huo na ngozi zimetoka vizuri kuliko popote. Tatizo ni kwamba mwanga unahama baada ya saa moja na nusu, na lazima niache.

#24 Abu_Salma
Naomba niseme kwa upole. Babu yangu hakuruhusu sura ya mtu itundikwe ukutani, na mimi nimelelewa hivyo. Mwenye uzi, umeuliza kwa wazee wako kabla ya kumchora marehemu?

#25 Kijana_wa_Kuze
Nimeuliza, ami. Ami yangu mkubwa hapendi. Mama amesema nimchore, lakini isitundikwe sebuleni, ikae chumbani kwake. Nyanya mwenyewe nilipompiga picha alitengeneza leso kwanza, akaniambia nisimkate miguu. Nimechukua hiyo kuwa ruhusa yake.

#26 Abu_Salma
Basi mmeshaongea nyumbani. Mungu amlaze pema.

#27 Binti_wa_Ndia_Kuu
Kwetu pia wamegawanyika. Mimi sichori sura za nyumbani kwa bibi mzaa baba, na kwa mama nachora. Sijawahi kupata jibu moja.

#28 Kahawa_Chungu
Tukiongea ukutani, nani amewahi kusimama kwa muda mbele ya ile michoro ya mabaharia Wareno, Ngomeni (Fort Jesus)? Merikebu na watu, kwa mkaa na udongo mwekundu tu. Ngome ilijengwa 1593 mpaka 1596, halafu sisi tunahangaika na tyubu za kuagizia.

#29 Mzee_wa_Ngalawa
Nimesimama pale mara nyingi kuliko msikitini, Mungu anisamehe. Na oka ni udongo tu, enyi watoto, udongo wenye chuma. Ule mwekundu mnaoukanyaga bara, ukiuosha, ukauchuja kwa kitambaa, ukausaga juu ya kioo na mafuta ya kitani, ni rangi. Nalifanya hivyo zamani nilipokuwa sina hela ya tyubu. Uso wa kwanza nilioweza kuuita uso niliupaka kwa udongo wa Taita.

#30 Fundi_Mabango
Mzee, mimi hapo utanikuta mlangoni kwako Jumamosi na ndoo.

#31 Mama_Bamburi
Samahani kuwakatiza, lakini nyote mmetaja mafuta ya kitani na vitambaa na hakuna aliyesema la moto. Mwanangu alifuta brashi zake, akavingirisha vitambaa akavitupa kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya mlango. Mwezi wa Februari, joto la Mombasa mnalijua. Tulirudi kutoka Kongowea tukakuta moshi, ndoo imeyeyuka upande mmoja. Hakuna aliyewasha kiberiti. Nimeambiwa baadaye kwamba mafuta ya kitani hayakauki kama maji, yanavuta hewa ya oksijeni, na yakivuta yanatoa joto. Vitambaa vikirundikana joto halina pa kutokea. Vianikeni kimoja kimoja nje, au viloweni kwenye mkebe wa maji wenye kifuniko. Nawaomba.

#32 Dada_Brashi
Ahsante sana mama. Ilipaswa kuwa ya kwanza kwenye uzi huu. @Kijana_wa_Kuze, vitambaa vyako viko wapi?

#33 Kijana_wa_Kuze
Nimekwenda kuviangalia. Vilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda. Viko majini sasa. Mama_Bamburi, Mungu akuweke.

#34 Msomaji_Tudor
Nyongeza, kwa kuwa picha nayo pengine iko chini ya kitanda: rangi ya mafuta ya kitani ikifichwa gizani inageuka umanjano. Ukiirudisha kwenye mwanga wa mchana inaachia tena baada ya muda. Na vanishi ya mwisho usiipake mapema, ngoja miezi 6 mpaka mwaka. Kwa unyevu wetu hapa mimi nangoja mwaka, na nyuma ya kanvasi napaangalia kila mwezi kama pana kuvu.

#35 Nairobi_Mchoraji
Nimechelewa kufika. Niulize tu: kijivu ni kosa lazima? Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama mwaka 2018, ngozi za watu wake anazichora kijivu kwa makusudi, na watu wamepanga foleni kwenda kuiona ile picha. Pengine kijana ana kitu mkononi na ninyi mnamfuta.

#36 Dada_Brashi
Kwa makusudi, umesema mwenyewe. Huyu hakukusudia. Na mama yake ameona maiti.

#37 Nairobi_Mchoraji
Sawa, mama ameshinda.

#38 Kijana_wa_Kuze
Wanabaraza, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Nawaeleza nilichokiona.

Mtihani wa Fundi_Fremu nimeufanya. Paji la uso na leso vilirudi palepale, kahawia ikawa nzito na mbichi kama siku ya kwanza. Shavu na kidevu havikurudi, vilibaki majivu. Kwa hiyo sijui nimpe nani ushindi. Sehemu moja ni mnyonyo, na sehemu nyingine ni ile nyeusi na nyeupe, au balbu, au vyote.

Shavu nimelipaka upya mchana, kwenye dirisha, kwa siena na altramarini. Mng'aro nimeurudisha kwenye punje ya mbaazi, kwa brashi moja, sikuugusa tena ingawa mkono ulinitamanisha. Pua nimeipunguza upana kama unywele mmoja kila upande, nikifuata picha nyingine ya harusi aliyopigwa kwa mbali.

Halafu macho. Nyanya alikuwa na duara la kijivu cha buluu kandokando ya mboni, lile linalowapata wazee. Kwenye simu linaonekana. Mimi mwanzoni nililiona kama kosa la kamera, nikampaka kahawia safi mpaka ukingoni, macho ya msichana. Juzi nimelirudisha, kwa brashi ya nywele tatu, kijivu kile kile kilichonishinda shavuni. Upande wa juu wa mboni nimelififisha kwa sababu kope linatia kivuli. Na weupe wa jicho nimeutia oka na zambarau kidogo, si mweupe tena.

Mama ameingia jana jioni. Amekaa kitandani, hakusema kitu muda mrefu. Mwisho akasema, "Macho ni yake. Shavu bado."

#39 Mzee_wa_Ngalawa
Shavu lirudie kwa rangi moja kwanza.

#40 Dada_Brashi
Asilirudie, Mzee! Aliache likauke wiki mbili, halafu apitishe siena nyembamba juu, yenye mafuta zaidi ya ile ya chini. Kijana, siena yako ni ya kampuni gani? Nyingine zina wekundu mwingi mno.

#41 Kijana_wa_Kuze
Ngoja nikasome tyubu, nitarudi.